Gitare ya Kaseba na neno ya Mama yenye sikufikisha

Wakuu, jambo yenu. Na benye kusoma kimya bila kuandika kintu, jambo yenu na nyinyi.

Nimesoma hapa maneno mingi ya bantu juu ya mapenzi na bukwe, nikaona na miye nitoe yangu. Iko ya zamani sana, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville na Babeleji bangali mu maofisi.

Mahali sikumbuke, nitasema sikumbuke. Mahali sielewe, nitasema sielewe, na mutaona njo mahali mingi.

Masomo yangu ilikatika mu mwaka ya tatu. Mukiona neno imepinda, muinyooshe mu kichwa na muendelee. Lakini majina ya bantu siyasahau, hata moja.

Papa yangu alikuwa Musonda Albert, seremala. Mu cité, mitaa ya bantu beusi, balikuwa banamuita Ba Musonda wa Rabo, juu ya rabo yake, ile chombo ya kulainisha mbao. Siku ya Mungu alikuwa anaipakaa mafuta kwanza, kisha njo anavaa viatu ya kwenda ku misa.

Mama yangu alikuwa Chola Élisa. Baba yake, mwenye sikumujua, alikuwa fundi wa kisanji kule Kasenga. Kisanji ni ile kabao yenye vyuma juu, unaipiga na bidole gumba. Mama alikulia katikati ya ile sauti.

Na mwanaume mwenye alinitaka alikuwa Kaseba Dominique, mushonaji. Alikuwa anashona mu baraza ya duka ya Mugiriki moja karibu na soko. Alikuwa na mètre, ile kamba ya kupimia nguo, ku shingo kila saa. Hata siku alikuja kuniomba, na mjomba wake Chisenga Paul, alikuja na mètre ku shingo. Mjomba alimufinya mu mbavu, njo akaitoa na kuitia mu mfuko.

Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa, mwenye hajui desturi ya kwetu, asikilize kidogo.

Kijana akiomba mutoto mwanamuke, anafanya kwanza kazi ya bukwe. Ku mugini, kule kijijini, anakata pori, analima, anajenga kibanda ya mahindi. Bazazi banaangalia mikono yake. Lakini mu cité, pori iko wapi? Lupango yetu, ule uwanja wa nyumba, ilikuwa inaenea nyumba, jikoni, choo, na meza ya kazi ya Papa. Basi.

Papa alimuuliza Kaseba:

"Weye unashonaka na mashine?"

"Ndiyo, Ba Papa."

"Basi mashine njo inafanya kazi. Weye unatikisa miguu tu."

Mjomba Chisenga alicheka, kisha akakumbuka alikuja upande gani, akanyamaza.

Papa akasema: "Utanitengenezea gitare."

Miye nilikuwa nyuma ya mulango nasikiliza. Nilifikiri nimesikia mubaya. Gitare ya nini? Papa hakujua kupiga gitare. Kaseba alijua nyimbo tatu tu, na alikuwa anazipiga ku gitare ya rafiki yake, Lukwesa Joseph. Meza, ningeelewa. Kiti, ningeelewa.

Na Kaseba aliuliza, pole pole, na heshima: "Ba Papa, juu ya nini gitare?"

"Meza inaficha bubaya. Unapigilia musumari, unapakaa rangi, bantu banakula juu yake miaka kumi. Gitare haifiche. Ukikosa, inasema mbele ya bantu."

Akatoa na sheria. Atafanya kazi mu lupango yetu, na vyombo ya Papa, musumeno, patasi, tupa na ile rabo, nyuma ya kazi yake ya kushona na siku ya posho, Jumamosi. Hakuna mashine. Amalize mbele ya mvua ya kwanza, juu kole, ile gundi ya ngozi, inafunguka mvua ikianza. Na hakuna muntu wa kumusaidia, na mukono ao na kinywa. "Akisaidiwa hata neno moja, abebe mètre yake aende."

Kama akishindwa, miye njia yangu ilikuwa tayari. Dada ya Papa, Shangazi Mande Béatrice, alikuwa amenipatia muntu kule Kipushi, Ba Kalumba Grégoire, mwenye kufiwa na bibi. Muntu wa heshima, sina neno mubaya juu yake. Lakini alikuwa na batoto sita, na ule wa kwanza alikuwa ananipita miaka mbili. Ningekuwa mama ya muntu mwenye kunipita.

Basi kazi ilianza, wakati ya baridi.

Lakini kulikuwa kintu ingine. Haya ya bukwe.

Kwetu, mwanaume haangalie mama ya fiancée yake mu uso. Haseme naye. Hakule naye. Bakikutana mu njia, moja anaingia mu majani. Inaendelea vile mpaka siku bazazi banamuingiza mu nyumba na chakula. Mama mukwe akijionyesha mbele ya siku ile, ye njo mwenye kosa, na anatoa kuku ya kuondoa haya.

Sasa fikirini. Kaseba anafanya kazi mu lupango yetu kila mangaribi, na jikoni ya Mama iko pale pale, hatua tano!

Papa alitundika mukeka mukubwa kati ya meza ya kazi na jikoni. Na Mama akitaka kupita ku choo, ku maji, ku kuni, anakohoa kwanza. Kaseba akisikia kikohozi, anaangusha vyombo na kugeuza uso ku ukuta mpaka Mama amepita.

Wakuu, Mama yangu alikuwa na kazi mingi ya kupita. Kuna siku nilihesabu, Kaseba aligeuka mara kumi na moja, na alikuwa ameshika kole ya moto mu mukono.

Jirani yetu, Mama Kabedi, Mukasai mwenye kuuza mikate, alikuwa anaona yote juu ya kipango, ule uzio kati yetu. Alikuwa anaita na sauti kubwa:

"We fundi wa suruali! Unacheza ngoma gani, ya kugeuka-geuka vile?"

Na siku ingine: "Gitare yako iko na mimba ya myezi ngapi? Nikuletee mukunga?"

Kaseba alikuwa anacheka na mabega tu.

Njo nieleze namna alitengeneza, juu najua kuna mafundi humu.

Sanduku ya gitare alifanya na mbao ya makaisi, zile zenye kuletaka bidhaa mu duka ya Mugiriki. Shingo alikata mu muti ya mulombwa, muti muzuri, ngumu, na maji yake iko mwekundu sawa damu. Alichonga na patasi, kisha tupa, kisha kipande ya chupa kwa kukwangua. Kole alipika na ngozi ya ng'ombe mu kopo, na harufu yake ilimutoa Mama Kabedi mu nyumba. Kamba za kupiga alitoa mu fre ya kinga, breki ya baiskeli: unafungua kable, unanyoosha kila kawaya peke yake. Zile vyuma ndogo zenye kulala ku shingo, mahali bidole inafinya, alifanya na waya ya shaba. Mu Katanga, wapi utakosa shaba?

Mwanzo mikono yake ilikuwa mikono ya mushonaji, laini. Mwezi ya pili ilikuwa na mabaka. Papa alikuwa anapita, anaangalia, anasema "Hm." Ile "hm" sikujua kama iko ya muzuri ao ya mubaya. Nilikuwa nalala nayo mu kichwa.

Kwa kujua mahali ya kuweka vyuma ya shaba, Kaseba alienda kwa Lukwesa na akapima gitare yake sawa vile unapima muntu wa kushonea koti. Toka kichwa mpaka chuma ya kwanza, vile. Toka ya kwanza mpaka ya pili, vile. Akaandika yote mu kadaftari, pale pale alikuwa anaandika matako na mabega ya bateja. Akaleta, akaweka mu shingo, sawasawa, hakukosa hata unene ya uzi.

Lakini gitare yake ilikuwa murefu kupita ya Lukwesa.

Aliniambia mwenyewe na furaha, siku nilimupelekea maji: "Mwansa, nimeongeza bidole bine kule chini. Kaisi ilikuwa kubwa, nikaona nisikate bure. Mutoto unamushonea nguo yenye kupita kidogo, si vile?"

Nikasema ndiyo. Miye nilijua nini? Niliona akili.

Kule chini, juu ya sanduku, aliweka kale kamuti kenye kubeba kamba, kama daraja. Hakukapiga kole. Kalikuwa kanasimama tu juu ya nguvu ya kamba zenye kukafinya. Na kwa sababu sanduku ilikuwa murefu, na kamuti alikaweka mbali, bidole bine kupita ya Lukwesa.

Siku alifunga kamba zote, alipiga bure, bila kufinya. Wakuu, ilikuwa sauti! Mama Kabedi alitoka na unga ku mikono. Hata Papa alisimamisha rabo.

Kisha Kaseba akafinya ku shaba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaharibika.

Sijui kueleza. Ilikuwa sawa bantu benye kuimba misa, na moja amelewa. Na kila alishuka na kidole kuelekea sanduku, mulevi alizidi kulewa.

Kaseba aliangalia gitare. Akaangalia kadaftari. Akapima tena. "Lakini kipimo iko ileile!" Akakimbia kwa Lukwesa, akapima tena, akarudi. Ileile.

"Mètre haidanganye," alisema. Lakini uso yake ilikuwa ya muntu mwenye ameona mètre inadanganya.

Akangoa shaba zote. Akajaza matundu na unga ya mbao na kole. Kesho yake akakata matundu mapya, pembeni kidogo. Mubaya zaidi. Akangoa tena. Bidole ilianza kutoka damu, juu waya ya shaba inakata. Na upande ya Kipushi mawingu ilianza kusimama.

Sasa nafika pahali yangu.

Siku ile nilikuwa jikoni na Mama, tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Kaseba nyuma ya mukeka anafinya, anaharibu, anafinya. Mama alisimamisha mutwangio.

"Unasikia?"

"Nasikia, Mama. Iko mubaya."

"Haiko mubaya. Akipiga bure, iko sawa. Akifinya, inalala. Akifinya chini, inalala zaidi. Kamba iko murefu kupita vyuma yake." Alichukua majani ya sombe, akaitupa mu kinu. "Ku kisanji, chuma ikilala, unaisukuma, unaifupisha, inaamuka. Aache kungoa-ngoa shaba yake. Kale kamuti ka chini akasogeze juu, pole pole, mpaka sauti ziamuke pamoja. Mwambie."

Akaanza kutwanga tena, sawa vile alisema niongeze chumvi.

Wakuu, Mama hakuona ile gitare hata siku moja. Mukeka ilikuwa kati. Alisikia tu.

Nilitoka na maji. Kaseba alikuwa amekaa chini, kisu mu mukono, macho mwekundu. Nikaweka maji. Neno ilikuwa hapa, ku ulimi.

Sikuisema.

Aliniuliza: "Mama anasemaka nini juu ya gitare?" Aliuliza chini chini, juu ya haya.

Nikajibu: "Mama anasema iko na sauti ya nguvu."

Akacheka kidogo. "Umushukuru."

Juu ya nini sikusema? Nilijiambia, juu ya sheria ya Papa. Neno moja ya musaada, na Kaseba anaenda. Na Papa akiniuliza "Mwansa, ulimwambia kintu?" sitaweza kumudanganya, uso yangu ingesema yote. Njo nilijiambia. Ilikuwa na akili, hapana?

Kesho yake Mama akauliza: "Ulimwambia?" Nikasema: "Bado." Kesho kutwa hakuuliza tena. Aliniangalia tu, murefu.

Siku ine nilikaa na neno ile. Siku ine yeye anangoa, anakata, anajaza. Shingo ya mulombwa ilikuwa na makovu sawa muguu ya mucheza mpira. Na miye napeleka maji.

Siku ya tano ilikuwa siku ya Mungu, nyuma ya misa. Papa alisema inatosha, mvua iko karibu. Alileta bantu babili ba kushuhudia: Ba Ngoie Raphaël, seremala mwenzake, na mjomba Chisenga. Balikaa ku viti. Miye nilikaa ku mulango ya nyumba. Mama nyuma ya mukeka. Mama Kabedi juu ya kipango, na mikate yake, hakuuza hata moja.

Papa alichukua gitare. Aligeuza, akapitisha ukucha mu kila kiungo, akanusa kole, akagonga sanduku na kidole, akaangalia shingo na jicho moja sawa vile unaangalia bunduki. Akamupa Ba Ngoie, na ye akafanya vile vile.

"Mikono iko," Ba Ngoie alisema.



"Ipige," Papa akasema.

Kaseba alipiga bure. Muzuri. Kisha akaanza wimbo, na bidole ikashuka ku shaba, na mulevi akaingia mu misa.

Mjomba Chisenga aliangalia chini. Ba Ngoie alikohoa, lakini ilikuwa kicheko. Mama Kabedi akasema juu ya kipango: "Yo! Hii gitare inalilia bazazi yake."

Kaseba alirudilia. Jasho ilikuwa inashuka ku gitare. Alirudilia mara tatu. Papa akaweka mikono ku magoti, namna anafanyaka mbele ya kusimama.

"Kaseba, mwana wangu..." akaanza. Na sauti yake ilikuwa ya huruma, njo ilinitisha zaidi.

Kikohozi.

Nyuma ya mukeka, Mama alikohoa.

Na Kaseba, juu ya mazoea, aliruka na gitare mu mikono, akageuza uso ku ukuta!

Mukeka ikafunguka. Mama akatoka. Kitambaa ilikuwa imefunika kichwa na nusu ya uso, na mikono ilikuwa na majani ya sombe. Akapita mbele ya Papa, mbele ya Ba Ngoie, mbele ya mjomba. Akafika pembeni ya Kaseba, mwenye uso ungali ku ukuta, gitare ameishika pembeni ya kiuno. Akaweka bidole gumba mbili nyuma ya kale kamuti, na akakasukuma. Juu, unene ya kidole moja. Akagusa kamba na ukucha. Akasukuma tena. Akasikiliza. Tena. Akasikiliza.



"Finya," Mama alisema.

Kaseba alifinya, macho ku matofali.

Ilikuwa sawa.

"Chini."

Akafinya chini kabisa, karibu na sanduku. Sawa.

Mama akapanguza bidole ku kikwembe, ile nguo ya kujifunga kiunoni, akarudi nyuma ya mukeka.

Sasa musiniulize nani alianza kusema, juu bote balisema pamoja. Papa alisimama: "Nilisema hakuna mukono! Nilisema hakuna kinywa! Élisa! Umetia mikono ku kazi ya kumupima, imekufa! Na umejionyesha ku muntu mwenye kukuomba mutoto, mbele ya bantu! Haya iko wapi?"

Ku mukeka, Mama alijibu, na sauti ya kawaida: "Haya iko. Njo inakuja."

Na kuku ikatoka chini ya mukeka. Kuku mwekundu, miguu imefungwa na kitambaa. Mukono ya Mama iliisukuma mpaka ku miguu ya Kaseba, kisha mukono ikarudi.

Ba Ngoie aliangalia kuku, akaangalia Papa, akaanza kucheka mpaka kofia ilianguka.

"Musonda, ndugu yangu, umefungwa! Kuku ya haya inatolewaka kwa nani? Kwa mukwe tu. Akiibeba, iko mukwe. Sema asiibebe, basi haiko mukwe, na bibi yako amekuja kugusa bintu ya kijana wa bure mbele yetu, na haya ile hakuna kuku ya kuiosha."

Papa alisimama. Alikaa. Alisimama tena.

Kaseba, mwenye hakuona kintu, aliuliza ukuta: "Ba Papa, naweza kugeuka?"

Hata mjomba Chisenga alicheka.

Papa alienda kuchukua gitare mu mikono yake. Aliangalia ile alama kamuti iliacha kule chini, mahali kalikuwa mwanzo, bidole bine mbali. Akapitisha kidole juu yake, mara mingi. Kisha akaokota kipande ya chupa ku meza ya kazi, akamupa Kaseba.

"Kwangua alama hii. Haipendeze." Akaonyesha chini na kidole. "Na ufungue ile kuku miguu, inaumia."

Njo vile niliolewa.

Tulikaa na Kaseba miaka makumi ine na moja. Tulizaa nane, bakabaki sita: Albert, Élisa, Marie-Jeanne, Chisenga, Raphaël, na Kabedi, ndiyo, tulimupa jina ya jirani. Gitare alikuwa anapiga siku ya Mungu, zile nyimbo tatu. Hakujifunza ya ine. Mvua ya mwaka ya saba ilifungua kole, na sanduku ikawa kiota ya kuku. Sikulia.

Lakini sasa kuna kintu yenye inasumbua kichwa yangu, wakuu.

Nilikuwa tayari mama ya batoto bine, siku moja nilimuuliza Mama. Tulikuwa babili. Nikasema: "Mama, siku ile ulitoka nyuma ya mukeka. Ulikuwa umefikiria? Kuku ilikuwa tayari imefungwa miguu."

Akasema: "Kuku ilikuwa ya kupeleka kwa Mama Kabedi."

"Basi ulitoka juu ya nini? Ulinitolea miye?"

Akaniangalia sawa muntu mwenye ameulizwa njia ya ku soko yake mwenyewe.

"Weye? Nilikupa neno, ukalikalia siku ine. Nilijiambia, mutoto huyu hamutake Kaseba, anataka ashindwe. Sikutoka kwako. Masikio yangu ilikuwa imechoka."

Njo yote alisema. Akaomba chumvi. Sijui kama alinicheka ao alisema kweli. Mama alikuwa na uso moja kwa mambo yote. Na Papa, nilimuuliza na ye, alisema "Hm."

Toka siku ile sijui tena nini nilifanya.

Zamani, nilijua: niliogopa sheria ya Papa. Lakini Mama alisema hamutake, na niliporudi nyumbani nilimuangalia Kaseba anakula, na nikajiuliza. Nilimutaka? Nilimupenda, kweli, lakini ile ilikuja kisha, na batoto, na njaa yenye tulikula pamoja. Siku zile ine, na maji mu mukono, nilikuwa nataka nini? Kama ingekuwa woga ya Papa tu, juu ya nini sikulia siku Papa aliweka mikono ku magoti? Naikumbuka vizuri ile siku, majina yote, rangi ya kuku. Lakini moyo yangu mwenyewe siku ile, siione. Natafuta, sipate.

Na kuna kintu sikumwambia muntu, mpaka leo hapa.

Kaseba hakujua. Miaka makumi ine na moja alikuwa anaambiaka bageni namna Mama mukwe alisikia kosa siku ile ile, pale pale, na akatoka. "Muone akili ya mama huyu!" Na anaonyesha bidole yake, makovu madogo ya shaba, anacheka. Na miye nilikuwa naongeza bukari, ugali yetu, mu sahani ya bageni, kimya.

Mara mbili nilitaka kumwambia. Mara ya mwisho alikuwa ku kitanda ya hospitali, ameshika mukono yangu na bidole ile ile. Aliniuliza: "Mwansa, unawaza nini?" Nikasema: "Nawaza chakula ya batoto."

Funzo yangu, wakuu, iko ndogo na siko na hakika nayo. Muntu akikupa neno ya kupeleka, ipeleke vile ilikuja, hata ikikutisha. Ukiikalia, nyuma haujui tena uliikalia juu ya nini, na hakuna mwenye anabaki wa kukuambia.

Mafundi ba gitare, kama Mama alikosea ku ile mambo ya kamuti, museme, sitakasirika.

Lakini zaidi nauliza benye kuolewa zamani, na benye kuoa: kuna mwenye alinyamaza kintu siku za kwanza, na akajua kweli kweli juu ya nini? Mutuandikie hapa chini. Nitasoma yote, na majina nitayashika.